TAHADHARI: Ile boti nyeupe ya Tudor imepakwa buluu, inauzwa tena

Jamani watu wa Mombasa, someni hii kabla hamjatoa hata shilingi. Boti ya faiba, futi 21, turubai la kivuli, siti mbili za kuegemea, ngazi ya chuma nyuma, mashine ya nguvu farasi 40. Nilipoinunua mimi ilikuwa nyeupe. Juzi nimeiona inauzwa tena, buluu, na bei imepanda. Ni ile ile wallahi. Ule mkwaruzo wa kulia nimeutia mimi kwa nanga, na hata kuuziba hawakuuziba.

Mnaonijua mnajua habari za goti la mke wangu, Mama Salma, na mnajua kwa nini mimi na shemeji hatushirikiani chombo tena. Sirudii. Nastaafu mwakani, tukataka chombo cha watu wawili: tunatoka alfajiri, tunatupa mishipi, tukipata changu au chewa wa kutosha mchuzi tunarudi kabla jua halijakaza. Ngalawa Mama Salma hawezi kuipanda. Mashua ya mbao nayo kila msimu kalafati, deheni, kuipandisha, kuishusha, na mgongo wenyewe ndio huu. Tukasema faiba, pana, isiyoyumba mtu akisimama.

Basi tukaambiwa kuna mtu Tudor. Tukamkuta chini ya mwembe na birika lake la kahawa, kanzu safi, kofia ya vito. Hakuanza na boti, alianza na mke wangu. "Mama, panda wewe kwanza. Wewe ndiye utakayekaa humu, mzee atakuwa na ndoana zake." Akaishika ngazi kwa mikono miwili, Mama Salma akapanda bila kushikwa na mtu, akaketi, akaegemea, akacheka. Miaka sijamwona akicheka hivyo. Nyinyi mngefanyaje?

Halafu, na hapa ndipo alipotumaliza, akatutajia kasoro mwenyewe. Siti ya kushoto imechanika, sikufichi. Turubai lina viraka viwili, sikufichi. Taa ya mbele haiwaki, nitakukatia elfu tano. Mtu anayekukatia elfu tano kwa taa utamshuku nini? Rangi ilikuwa mpya, bado inanuka, lakini kusi lilikuwa limeisha, na kusi likiisha kila mtu anapaka chombo chake. Adhana ya alasiri ikatoka, akatutangulia msikitini. Nilisimama bega kwa bega na yule mtu!

Tukaenda kuijaribu. Maji yamejaa pomoni, saa aliyoichagua yeye. Mashine ikawaka kwa mvuto mmoja. Niligusa kifuniko, kina joto. Akasema katoka kumpeleka mtu Mikindani sasa hivi. Redio kaifungulia taarab hadi mwisho. Tukapita chini ya daraja la Nyali, upepo mzuri, Mama Salma kavua viatu. Ubavuni, karibu na nyuma, palikuwa na kitundu kinatoa maji, chururu, hakikomi. Nikauliza. Akanicheka kwa adabu: "Hayo ni maji ya kupoza mashine, mzee wangu. Siku ukiona yamekatika ndipo uogope."

Sasa mimi si mgeni wa bahari. Najua mashine ya nje inatema maji ya kupoza. Lakini inayatema yenyewe, hapo hapo kwenye mwili wake, haipitishi ubavuni mwa boti. Ile ilikuwa pampu ya ngama, ya kutoa maji yanayovuja ndani ya chombo, ikifanya kazi tangu tulipong'oa nanga, na zile taarab zilikuwa za kufunika mlio wake. Nimelala na kuamka na kile kitundu. Nimekitazama kwa macho yangu haya, nikapewa maneno, nikayameza. Tulipoiona Bandari ya Kale akageuza. Nikamwambia tusogee hadi mbele ya Fort Jesus tuonje mawimbi, akasema mafuta hayatatosha.

Laki sita na themanini. Benki hakutaka, ati wana maswali mengi. M-Pesa haipitishi zaidi ya 250,000 kwa mara moja, na akaunti haibebi zaidi ya 500,000, kwa hiyo akanipa namba tatu tofauti, majina matatu tofauti, hata moja si lake. Akasema ni wadogo zake. Iliniingia akilini maana hiyo ya akaunti kujaa ni kweli.

Asubuhi ya kwanza baada ya kukabidhiwa nikaenda na chai yangu kwenye chupa. Omo imeinuka juu, nyuma yote imezama, mashine imo majini. Betri ilikuwa imekwisha usiku, pampu ikanyamaza. Tulipoivuta mchangani fundi akatoboa tundu dogo kwenye ule ubao wa nyuma unaobeba mashine. Yakatoka maji ya rangi ya chai, na nyuma yake unga wa mbao uliooza. Faiba ni ganda tu la juu, ndani hakuna kitu. Ubao ule uking'oka ukiwa nje ya mwamba, kwenye bahari wazi, mashine inakwenda chini na wewe unaifuata. Mimi na mwanamke mwenye goti bovu.

Simu zake zote zimezimwa. Na baada ya siku chache akaja jamaa na pikapu, mpole, kanipa pole kama mtu anayempa pole jirani aliyefiwa, akasema ataiondoa yote pamoja na mashine kwa sabini elfu. Nikachukua, maana nilikuwa sitaki kuiona. Jamaa huyo huyo ndiye aliyepiga picha na ile boti buluu. Mmeelewa sasa? Wananunua uozo wao wenyewe, wanapaka, wanauza kwa mzee mwingine.

Kifungu cha 313 cha Sheria ya Adhabu kinasema miaka mitatu kwa anayejipatia mali kwa udanganyifu. Mitatu! Huyu angefungwa kwenye siti yake ya kuegemea, pampu ikazimwa, boti ikaachwa nje ya mwamba wakati wa kusi. Mama Salma ananiambia nisiandike hivyo. Nimeandika.

Mnaotafuta boti, itazameni maji yakiwa yametoka, imekaa mchangani, tumbo linaonekana. Gongeni ubao wa nyuma kwa mpini wa bisibisi: sauti kavu ni uzima, sauti nzito ya kitu kilicholowa, ondokeni. Mashine muikute baridi. Cheti cha boti kipelekeni wenyewe KMA, mamlaka ya usafiri wa baharini, na mlinganishe na namba iliyo ubavuni, yangu ilikuwa "inapakwa upya". Waulizeni BMU, ile kamati ya wavuvi ya ufuo, ya bandari hiyo, wale wanajua kila chombo. Na zimeni redio.

Jina ninalo, picha ninazo, ila mwanangu amenikataza kuyaweka hapa. Namba ya OB, kitabu cha ripoti cha polisi, ipo. Nimeshapigiwa na mwingine aliyeuziwa boti hiyo hiyo ikiwa kijani. Mwingine aliyeuziwa boti hii na mwenye ujumbe wa M-Pesa wa malipo yake anitafute, Jumatatu asubuhi tunakwenda kwa wapelelezi kwa pamoja. Na msinipigie kuniambia nimwachie ati ana watoto. Mimi nina wajukuu, na laki sita zao.