Geti la "Mtindo wa Kirumi": Tathmini ya Karakana Moja ya Moshi

Karakana hiyo, iliyoko pembezoni mwa mji wa Moshi, hujinadi kwa mageti ya "mtindo wa Kirumi", na kazi ninayoitathmini hapa ni lango la tao moja ililolijenga kwenye uzio wa nyumba ya familia yetu, Rau. Ujenzi wenyewe hauna kasoro: zege limeshikana, lipu imenyooka na lori la mchanga linapita bila kugusa. Shaka yangu ni juu ya huo Urumi.

Tao la Titus mjini Roma, lango la ukumbusho lililojengwa karibu na mwaka 81 BK kwa heshima ya kaizari huyo wa Roma ya kale, lina mlango mmoja kama lango letu. Katika matao ya aina hiyo mawe huchongwa umbo la kabari na kupangwa juu ya kiunzi cha mbao, mpaka lile la kileleni likae mahali pake. Kiunzi kikiondolewa, kila jiwe hubanwa na wenzake. Lakini uzito huo husukuma pembeni pia, na ndiyo maana kuta zinazolibeba tao hujengwa nene sana. Mafundi wetu walitumia nondo, hivyo nguzo zao nyembamba zinatosha kwa usalama, ingawa kwa macho lango linafanana na mtu mwenye mabega mapana na miguu ya korongo.

Baadhi ya ndugu walilalamika kwamba nguzo nne za mviringo zilizobandikwa mbele hazibebi kitu. Hapo nawatetea mafundi, kwa sababu hata nguzo za Tao la Constantine la mwaka 315, lenye milango mitatu na kimo cha mita 21 hivi, hazibebi tao lenyewe, bali hupamba uso wake na kuinua sanamu zilizo juu yake.

Kilichokosekana hasa ni ukuta mzito wa juu, ambapo Warumi walichonga kwa herufi kubwa jina la aliyeheshimiwa na sababu ya heshima hiyo. Karakana iliishia kwenye upinde, ikaweka taa mbili. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba ukuta huo ungehitaji msingi mpana zaidi. Ni kweli, ila maelezo hayo yalistahili kutolewa kabla ya kuchimba, si baada ya kupaka rangi.

Anayetaka geti imara aende bila wasiwasi. Anayetaka la Kirumi apeleke mchoro wake, na unene wa nguzo pamoja na kimo cha ukuta wa juu viandikwe kwenye mkataba.