Siku tano kwa baiskeli ya kukodi: Mtwara hadi Masasi kwa njia ya Newala

Mwezi wa saba mwaka jana nilikodi baiskeli kwa mfanyabiashara mmoja wa Mtwara mjini, ambaye sitamtaja kwa sababu zitakazoeleweka mbele, kwa shilingi 35,000 kwa siku. Katika bei hiyo nilipewa baiskeli ya gia 21, mikoba miwili ya kuning'iniza kwenye keria, pampu, viraka, spana chache, na kijana wa kuniongoza hadi Masasi. Mimi si mwanamichezo. Nina miaka 46, nafundisha, na baiskeli niliyoizoea ni ile ya kwenda sokoni na kurudi. Naandika haya kwa ajili ya mtu wa aina yangu anayefikiria safari kama hiyo na anataka kujua fedha yake itanunua nini hasa.

Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ina urefu wa kilomita 210, na kipande cha kwanza cha kilomita 50 kina lami. Tulitoka mjini saa kumi na moja alfajiri, na kwa kuwa Julai ni msimu wa kusi, ule upepo wa kutoka kusini, ulitupiga ubavuni karibu siku nzima. Tulipita Nanguruwe kabla jua halijakaza, nikaanza kujiona hodari. Siku hiyo ya kwanza haistahili maneno mengi: lami ni lami, mikorosho pande zote mbili, na sehemu za kunywa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha hazikosekani.

Mambo yalibadilika lami ilipokwisha. Barabara ilikuwa bado inajengwa, kwa hiyo mara kwa mara tulielekezwa kwenye njia za pembeni, na njia za pembeni kwenye Uwanda wa Makonde, ile ardhi ya juu iliyo tambarare, maana yake ni mchanga. Mchanga huo si wa kutishia kwa macho. Unaonekana kama vumbi jekundu lililotulia, lakini gurudumu la mbele likishaingia linageuka upande linaotaka lenyewe, usukani unakataa, na unajikuta umesimama kwa mguu mmoja huku mikoba ikikuvuta nyuma. Asubuhi ya pili nilianguka mara tatu kabla ya saa nne. Sikuumia, ila mara ya tatu nilianguka mbele ya watoto waliokuwa wanakwenda kuchota maji, nao walinipa pole kwa sauti moja kama wimbo wa darasani, jambo lililoniuma kuliko goti.

Kosa lilikuwa tairi. Mwenye duka alinisifia gia kwa muda mrefu, akazibadilisha mbele yangu moja baada ya nyingine ili nisikie zinavyoingia, wala hakusema neno juu ya tairi, nami sikuuliza. Tairi alizonipa zilikuwa nyembamba, za lami, zimejazwa upepo mpaka zikawa ngumu kama jiwe. Niliporudi ndipo nilipoziona dukani kwake, nyuma ya pazia, baiskeli mbili zenye tairi pana za kashata, yaani zenye meno, ambazo kwa maelezo yake hutolewa kwa “wanaoomba”. Mtu asiyejua mchanga ataombaje? Kwa njia hii ningependa kusema wazi kwamba gia 21 hazina kazi kubwa. Nilitumia nne, labda tano. Mchanga mwembamba uliingia kwenye kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni, na kuanzia siku ya tatu cheni ilikuwa inalia na kuruka meno yenyewe bila kuamriwa.

Kilichookoa safari ni yule kijana. Alikuwa anaendesha baiskeli yake mwenyewe, Phoenix nyeusi isiyo na gia, yenye keria pana ya chuma ambayo siku za kawaida hubebea magunia ya korosho, na juu ya mchanga alikuwa ananiacha kila mara. Nilipoanguka mara ya tatu alishuka, akaminya tairi zangu kwa kidole gumba, akacheka kidogo, akatoa upepo mpaka tairi ikawa inabonyea chini ya uzito wangu. “Mwalimu, usishindane na mchanga. Kaa nyuma, kanyaga polepole, usukani ushike kama umeshika yai.” Baada ya hapo sikuanguka tena mpaka Tandahimba. Pia alinikataza kupaka cheni mafuta, jambo nililolifanya kila jioni kwa kujiona mtunzaji mzuri, kwa sababu mafuta hukamata mchanga na kuugeuza msasa. Kazi yake ikawa kuifuta cheni kwa kitambaa kikavu na kuipigapiga kwa mswaki wa zamani. Haya yote alipaswa kuyasema mwenye duka siku ya kwanza.

Suala la pili ni maji, na hapa pia nilikuwa nimejiandaa vibaya. Nilibeba lita tatu nikiamini kwamba penye vijiji pana visima. Uwanda ule una udongo wa mchanga unaomeza mvua moja kwa moja. Maji hushuka chini sana na kujitokeza kwenye chemchemi za chini ya mlima, kama zile za Ndanda, wakati walioko juu hawana mto wala kijito. Ndiyo maana nyumba nyingi zenye bati zina mifereji ya kukinga mvua na kisima cha saruji kilichochimbwa ardhini uani. Kisima hicho ni akiba ya familia mpaka mvua za mwisho wa mwaka, na kina mfuniko wenye kufuli. Kijana wangu hakuwa anaomba maji ovyo. Alikuwa na nyumba zake. Katika kijiji kimoja kabla ya Tandahimba tulipiga hodi kwa bibi mmoja, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba wajukuu zangu, akatuketisha kwenye mkeka chini ya mkorosho, akauliza habari za mama wa kijana, za shangazi yake, na za mbuzi aliyekuwa mgonjwa, na ndipo akaenda kuleta ufunguo. Nilitaka kumlipa ndoo nzima, akapokea shilingi mia tano na kunirudishia iliyobaki. Kutoka hapo nilibeba lita sita, na nashauri hivyo kwa yeyote anayepita Julai. Kwa Oktoba, wakati visima hivyo vinakaribia kukauka, nisingethubutu kabisa kuwa mzigo kwa watu.

Kuna jambo moja ambalo halimo katika maelezo ya mfanyabiashara huyo na linapaswa kuwemo. Julai ni msimu wa kupulizia mikorosho salfa ili kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na kazi hiyo hufanywa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yakiwa bado na umande, yaani saa zilezile mwendesha baiskeli anazozipenda. Siku ya tatu tulisikia mngurumo wa mashine shambani, kisha tukaona wingu la manjano limekaa juu ya barabara. Mimi nilitaka tupite haraka. Kijana alikataa, tukangoja karibu nusu saa, na hata hivyo macho yaliniwasha mpaka mchana, na nguo zikanuka kiberiti mpaka Masasi. Miwani ya kufunika macho pande zote na kitambaa cha pua ni vya lazima.

Malazi hayakuwa katika bei, lakini yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Kila tulipolala kijana alitupeleka kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, nikaonyesha kitambulisho cha taifa na kusaini kitabu cha wageni. Kwa maeneo yaliyo karibu na mpaka wa Msumbiji, hilo si jambo la kulifanyia uvivu. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na mboga ya kunde, na usiku mmoja ming'oko, ambayo niliisikia tu tangu nihamie Mtwara na sikuwahi kuila. Ni mizizi ya porini, humenywa kwa vidole vikiwa vya moto, na ina ladha inayohitaji chumvi na subira. Usiku huohuo ngoma za jando zilipigwa mahali mpaka kulipopambazuka. Sikulala, na sikulalamika.

Newala tulipumzika siku nzima. Mji uko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari na asubuhi yake ni ya sweta. Jioni tulikwenda Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda, ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linatandazwa chini mpaka Msumbiji. Nilikaa pale muda mrefu, nikiangalia pia, lazima nikiri, jinsi mteremko ulivyosimama wima, kwa kuwa kesho yake sisi nasi tulikuwa tunashuka, ingawa kwa upande mwingine.

Mteremko huo ndio sababu ya mimi kutomtaja mwenye duka, maana nikimtaja nitamharibia zaidi ya ninavyotaka. Kwenye kona ya pili breki ya nyuma ililia mlio wa chuma juu ya chuma. Nikakamata ya mbele, nayo ikashika nusu. Nilijielekeza kwenye kingo ya mchanga, ule mchanga niliokuwa nimeulaani siku tatu, na ndio ulionisimamisha. Tulipoangalia, raba za breki za nyuma zilikuwa zimekwisha kabisa, na za mbele zimebaki unene wa kucha. Hazikuisha kwa siku nne. Zilitoka dukani hivyo. Katika vifaa nilivyopewa hapakuwa na raba za akiba. Kijana alitoa kipande cha tairi kuukuu mkobani mwake, akakikata kwa kisu, akakibana mahali pa raba, lakini hakuniruhusu kupanda. Tuliteremka kwa miguu zaidi ya saa moja, na kutoka huko tambarare ilitufikisha Masasi jioni, ile milima ya mawe ya kijivu ikiwa imeanza kugeuka rangi kwa jua la magharibi.

Nilirudi Mtwara kwa basi, baiskeli ikiwa kwenye buti. Dukani nilidaiwa shilingi 12,000 kutoka kwenye dhamana yangu kwa ajili ya raba mpya za breki. Nilikataa, tukabishana mbele ya wateja, na mwishowe alinirudishia dhamana yote bila kuomba radhi. Yule kijana, ambaye katika ile 35,000 alikuwa anapata 10,000 tu, nilimpa chake pembeni. Mwaka huu nimeshakubaliana naye moja kwa moja kwa safari ya Agosti. Atanitafutia Phoenix ya kukodi kijijini kwao, na raba za breki, jozi mbili, nimeshazinunua mwenyewe.