Kalibu nzuri, chokoleti ya uongo: uzoefu wangu na kifurushi cha mayai ya Pasaka

Kifurushi nilikinunua kwenye duka moja la vifaa vya keki katikati ya jiji la Nairobi, Kwaresima ikielekea mwisho, kwa shilingi 1,850. Ndani ya boksi kuna kalibu ya silikoni yenye mashimo sita ya nusu yai, pakiti ya gramu 500 ya vidonge vya duara vya kahawia, brashi ndogo, mifuko ya kupambia, na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nne. Kwa kifupi: kalibu inastahili pesa yake, brashi inapukutika nywele, karatasi ya maelezo ingefaa zaidi kufungia njugu, na vile vidonge vimeandikwa "chokoleti" kwa herufi kubwa mbele, ilhali nyuma, kwa herufi za kutafutia miwani, kuna habari tofauti kabisa.

Nianze na hizo herufi ndogo, maana ndizo zilizonifanya niandike. Viungo huorodheshwa kuanzia kile kilicho kingi zaidi. Hapa cha kwanza ni sukari, cha pili ni mafuta ya kokwa za mawese, ndipo unakuta unga wa kakao, maziwa ya unga, lesithini ya kushikanisha mchanganyiko na vanila ya maabara. Siagi ya kakao, yaani mafuta ya kakao yenyewe, haipo hata ya kulambia. Nilimuuliza muuzaji kama ana kitu kingine, akanijibu, "Mama, hiyo ndiyo inatembea. Watu wa keki wote wanabeba hiyo." Hakunidanganya. Watu wa keki wanaibeba kwa sababu inayeyuka bila visa, inaganda yenyewe, haidai kupimwa joto, na kwa bei nilizoona siku hiyo ilikuwa karibu theluthi moja ya chokoleti halisi. Ila kuiita chokoleti ni jambo jingine. Kanuni za kimataifa za chakula, zile za Codex, zinataka chokoleti isiyo ya maziwa iwe na angalau asilimia 35 ya kakao, ikiwemo asilimia 18 ya siagi ya kakao, na mafuta mengine ya mimea yasizidi asilimia 5. Vidonge vyangu havifiki hata mlangoni.

Kwa nini viwanda vinafanya hivyo, sihitaji kuelezwa. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani baada ya mavuno kwenda vibaya Kodivaa na Ghana, nchi mbili ambazo kwa pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kakao yote. Ukiangalia ramani inauma kidogo. Kakao hulimwa Kyela kule Mbeya, hulimwa Bundibugyo magharibi mwa Uganda, wote majirani zetu, lakini bamba la chokoleti halisi nililolipata Nairobi lilikuwa limepitia Ubelgiji kwanza.

Haya, jikoni. Vidonge vya kifurushi niliviyeyusha kwenye bakuli la bati juu ya sufuria ya maji moto, gesi ikiwa chini kabisa, bakuli lisiguse maji. Vililainika upesi, nikapaka kalibu, nikasubiri, nikapaka tena. Havikuhitaji hata friji. Mayai yalitoka mazima, laini juu, rangi moja bila doa. Mtu ambaye hajawahi kushika chokoleti maishani mwake atafanikiwa mara ya kwanza, na hilo ni sifa kubwa kwa bidhaa inayouzwa kwa wazazi wenye watoto wanaovuta gauni huku wakiuliza yataiva lini.

Shida ni mdomoni. Jirani yangu wa ghorofa ya tatu, mzaliwa wa Mombasa na mtu asiyejua kuficha uso, alikula kipande akanyamaza kidogo. "Dada, hii mbona inaganda kwenye ufizi? Chokoleti au samli?" Ana haki. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na mdomo wa binadamu uko karibu na 37, kwa hiyo chokoleti halisi inakuwa ngumu mkononi na kumalizika ulimini. Mafuta ya kokwa za mawese yaliyotiwa ugumu kiwandani hayana adabu hiyo. Mengine yanabaki, yanatanda kwenye kaakaa, na utamu wa sukari unaondoka kabla ya mafuta kuondoka. Watoto wa ploti hawakulalamika. Walikula mpaka vumbi la kalibu. Kwa hiyo kama mayai yako ni ya shule ya Jumapili, yatapambwa rangi na kuliwa kabla mchungaji hajamaliza matangazo, vidonge hivi vinatosha na usijisumbue na yanayofuata.

Mimi nilitaka ya watu wazima. Nikachukua bamba la gramu 400 la chokoleti nyeusi, karibu shilingi 1,300, na kipimajoto cha jikoni cha shilingi 900. Hicho kipimajoto ndicho kilichopaswa kuwa ndani ya boksi badala ya ile brashi. Chokoleti halisi ukiiyeyusha na kuimimina hivi hivi itaganda ikiwa na mabaka ya kijivu, itamong'onyoka badala ya kukatika, na itang'ang'ania kalibu. Sababu ni kwamba siagi ya kakao inaweza kuganda kwa namna sita tofauti, na ni moja tu kati ya hizo, ya tano, inayotoa mng'ao na ule mlio wa kukatika. Kutempa ni kuishawishi igande kwa namna hiyo.

Nilivyofanya: theluthi mbili ya bamba niliyeyusha hadi nyuzi 45, nikaitoa motoni, nikatia theluthi iliyobaki ikiwa imekatwakatwa, nikakoroga bila kuacha hadi ikashuka kwenye 28, halafu nikairudisha juu ya mvuke sekunde chache tu ifike 31. Ikivuka 32, kazi yote imeharibika na unaanza upya. Ya maziwa inataka chini kidogo, 29 au 30. Jaribio ni rahisi: chovya ncha ya kisu, kiweke mezani, na kama baada ya dakika chache imekauka ikiwa na mng'ao, uko salama.

Na hapa lazima niisifu Nairobi. Aprili hii ya mvua jikoni kwangu Donholm palikuwa na nyuzi 21, na hiyo ndiyo hali ambayo mtu wa chokoleti huiomba. Dada yangu aliye Mombasa hawezi kufanya kazi hii mchana bila kiyoyozi. Adui yetu sisi ni unyevu. Mvua za masika zinafanya hewa iwe nzito, na ukiweka mayai kwenye friji kisha ukayatoa yakiwa baridi, yanatokwa jasho, sukari ya juu inayeyuka, na ikikauka inaacha ukungu mweupe wa chengachenga. Si uozo, hakuna atakayeugua, ila sura imekwenda. Kwangu mayai yaligandia juu ya kabati, mbali na jiko, yakafungwa kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko.

Sasa ile karatasi ya maelezo. Inasema, bila haya, kwamba chokoleti ikiwa nzito "ongeza maji kidogo." Usithubutu! Matone machache tu ya maji yanafanya sukari na kakao zishikane, na bakuli zima linageuka tope gumu. Ndiyo maana mvuke wa sufuria nao ni wa kuchungwa, na mwiko uwe mkavu kabisa. Mtu aliyeandika ushauri huo hajawahi kusimama mbele ya hiyo sufuria. Ikishakutokea, usiitupe: ongeza maziwa moto au krimu kijiko kwa kijiko huku unakoroga, mpaka ilainike tena. Haitafaa kwa mayai, lakini ni mchuzi mzuri wa kumwagia keki.

Karatasi hiyo hiyo inadai yai la chokoleti ni desturi ya kale ya Wakristo. Yai lenyewe, sawa: Ulaya ya zamani watu hawakula mayai wakati wa Kwaresima, kuku hawakuambiwa, na yakirundikana yalisubiri Pasaka. Lakini yai la chokoleti lenye uwazi ndani ni kazi ya viwanda vya Uingereza. J. S. Fry & Sons wa Bristol walitoa la kwanza nchini humo mwaka 1873, Cadbury wakafuata 1875. Ni la juzi tu, kwa hesabu za kanisa.

Turudi kwa kalibu, ambayo ndiyo sababu ya nyota nne nilizoipa. Silikoni yake ni nene, haina harufu baada ya kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni, na haikuacha ladha yoyote. Kwa kuwa inapinda, iweke juu ya sinia tangu mwanzo. Ukiibeba mikononi ikiwa imejaa, chokoleti inahama upande mmoja na unapata ganda nene huku na karatasi kule. Paka mara mbili, na kingo zipate zaidi, maana ndiko yai linakovunjikia. Kalibu za plastiki ngumu zinatoa mng'ao wa kioo ambao silikoni haiwezi, na chokoleti iliyotempwa vizuri husinyaa kidogo ikiganda na kudondoka yenyewe ukigeuza. Ila zile ni ghali zaidi na chokoleti isipotempwa sawasawa haitoki hata kwa dua. Kwa anayeanza, silikoni inasamehe.

Kuunganisha nusu mbili: pasha sahani ya bati, igusishe kingo za nusu moja kwa nukta, bandika kwenye nyingine, shikilia. Kabla ya kufunga, tia kitu ndani. Za watoto nilitia njugu karanga za kukaanga na peremende. Za wakubwa nilitia makadamia za Murang'a zilizokaangwa kavu na chumvi kidogo. Na zile nilizompelekea jirani wa ghorofa ya tatu nilitia mabuyu, yale mekundu ya pwani. Uchachu wa ubuyu ndani ya chokoleti nyeusi isiyo tamu sana! Alikula la kwanza amesimama mlangoni, akaomba la pili bila kutoa maneno ya samli. Onyo: rangi ya mabuyu inatoka, kwa hiyo yasikae ndani zaidi ya siku mbili, na msiwape wageni wenye nguo nyeupe za kwenda kanisani.

Nyuma ya karatasi kuna pia maelezo ya keki ya chokoleti ya kutumia makombo. Nilikuwa na mashaka nayo kabla ya kuwasha oveni, kwa sababu imeandikwa kwa watu wa usawa wa bahari. Nairobi iko juu, mita 1,700 na ushei. Maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hewa ikiwa nyepesi keki inafura haraka kisha inabonyea katikati kabla haijashika. Walitaka vijiko viwili vya chai vya bekingi poda, nikatia kimoja na nusu. Nikaongeza vijiko vitatu vya maziwa, nikapandisha oveni kwa nyuzi 10 juu ya walivyoandika, nikaanza kuichungulia mapema. Ilitoka tambarare, yenye unyevu, na makombo ya vidonge, ambayo mdomoni yalikuwa ya kuudhi, ndani ya keki hayakuonekana kasoro yoyote. Kwa kweli hiyo ndiyo kazi yake halisi. Pakiti iliyobaki nitaimalizia humo.

Gharama, kwa wanaouliza: ukijumlisha kifurushi, bamba na kipimajoto, si nafuu kuliko kununua mayai tayari supamaketi mara moja. Inakuwa nafuu unapotumia kalibu na kipimajoto tena, na ukihesabu ukubwa, kwa sababu yai la dukani la bei hiyo ni jepesi na nusu ya boksi ni hewa na kadibodi. Gesi haikutumika sana. Stima ya oveni ndiyo iliyokula tokeni.

Nani asinunue: anayetaka chokoleti ya kumpa mtu mzima kama zawadi kutoka moja kwa moja kwenye boksi, na anayepika mkesha wa Pasaka akiwa na pilau, chapati na wageni kwenye orodha hiyo hiyo. Anza Alhamisi, Ijumaa Kuu ukipumzika mayai yawe yanakauka.

Kalibu peke yake inapatikana. Haiko kwenye rafu, lakini niliporudi kuuliza, muuzaji alitoa moja chini ya kaunta kwa shilingi 650, ya umbo la sungura, na akaniambia za mayai zikija atanitumia ujumbe.