Kichujio cha UHC baada ya majira mawili ya kutazama Nebula ya Jabari

Kichujio hiki cha UHC (kifupi cha Kiingereza "ultra high contrast", yaani utofauti mkubwa wa mwanga na giza), cha inchi 1.25, kinachokazwa kwenye lenzi ya kutazamia, nimekitumia kwa majira mawili, kwenye darubini ya kioo cha milimita 200, na karibu kila usiku nimekielekeza kwenye kitu kimoja: M42, Nebula ya Jabari, wingu la gesi na vumbi lililo katikati ya Upanga wa kundinyota la Jabari. Nimekipenda, ila si kwa kila kazi.

Kwanza tuelewane: kichujio hakiongezi mwanga hata chembe, kinapunguza. Kinapitisha rangi chache tu ambazo gesi yenyewe inazitoa, yaani haidrojeni kwenye nanomita 486 na oksijeni kwenye 496 na 501. Mwanga wa taa za sodiamu, ulio karibu na nanomita 589, unaishia nje. Anga inakuwa nyeusi, nebula inabaki. Taa nyeupe za LED ndizo zinazokishinda kidogo, kwa sababu mwanga wake umetapakaa kwenye rangi zote.

Usiku wa kwanza nilikaa gizani nusu saa, kisha nikatazama kwa ukuzaji wa mara 48. Bila kichujio niliona kile ninachokijua siku zote: ukungu wa kijivu wenye ukijani kwa mbali, na ubawa mmoja mfupi. (Ule wekundu wa kwenye picha jicho halina uwezo wa kuuona gizani.) Nilipokikaza, mabawa yote mawili yalifunguka. Moja lilijipinda na kuendelea, likaendelea, hadi nikalazimika kuisogeza darubini kulifuata. Mdomo wa Samaki, lile giza la vumbi linaloingia hadi karibu na katikati, ukapata kingo ambazo ningeweza kuzichora. Nilinyamaza pale muda mrefu.

Lakini ukitaka moyo wenyewe, kitoe. Nyota nne za Trapezi, kundi dogo lililo katikati ya nebula, zinafifia na kugeuka kijani, na zile mbili ndogo, E na F, nimeziona bila kichujio tu, siku hewa ilipotulia. Ni hasara kuzikosa. Kubwa kati ya zile nne, Theta-1 Orionis C, ndiyo inayomwaga mionzi ya urujuanimno inayoifanya gesi karibu yote hiyo ing'ae, umbali wa miaka ya nuru kama 1,300 kutoka hapa. Ni nyota changa mno, na wingu lililo nyuma yake bado linazaa nyingine.

Kwenye M78, nebula nyingine iliyo jirani, kichujio hakikunisaidia kitu, kwa kuwa pale vumbi linaakisi mwanga wa nyota tu.

Lawama yangu ni hesi. Kichujio cha kwanza nilicholetewa kilikuwa na hesi mbovu, kikanasa kwenye lenzi na kunitoa jasho kukifungua. Muuzaji alikibadilisha, ila baada ya kumkumbusha mara tatu. Cha pili kinaingia laini. Kikague mchana kabla hujakitegemea gizani.

Siku hizi mara nyingi sikikazi kabisa. Nakishika pembeni kwa vidole viwili na kukipitisha kati ya jicho na lenzi, kikija na kuondoka. Nyota zinazama, nebula inajitokeza. Nyota zinarudi, nebula inajificha. Kwa njia hiyo niliiona M43, nebula ndogo iliyo kando, ikiwa imetengana kabisa na M42, na mstari mweusi wa vumbi katikati yao.