Takwimu za Enterprise Surveys za Benki ya Dunia: Mmiliki na Umri wa Kampuni Zimo, Mfanyakazi Hayumo

Amri ya Mshahara iliyoanza kutumika nchini Tanzania Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 592,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa kampuni za kimataifa katika huduma za nishati, na shilingi 225,000 kwa wenzao wa kampuni ndogo za sekta hiyohiyo. Ukiitazama kwa makini, amri hiyo imeweka mambo mawili katika kapu moja, kwani "kimataifa" ni sifa ya umiliki ilhali "ndogo" ni sifa ya ukubwa. Anayetaka kuyatenganisha, na kujua pia kama ukongwe wa kampuni unamnufaisha mfanyakazi, ataona kwamba takwimu za Enterprise Surveys, yaani tafiti za Benki ya Dunia kuhusu kampuni, ni miongoni mwa nyenzo chache zilizo wazi kwa kila mtu.

Huduma hiyo ya takwimu hutolewa bila malipo kwa yeyote anayejisajili kwenye tovuti yake. Tanzania ilifanyiwa utafiti mwaka 2006, 2013 na 2023. Kenya ilifanyiwa mwaka 2007, 2013 na 2018. Wanaohojiwa ni wamiliki na mameneja wa kampuni binafsi zilizosajiliwa, zisizo za kilimo, zenye wafanyakazi 5 au zaidi, kwa hiyo mama lishe na fundi wa gereji ya mtaani hawamo. Hilo ni pengo kubwa katika nchi ambazo watu wengi hujipatia riziki katika sekta isiyo rasmi.

Katika suala la umiliki, kazi imefanywa kwa umakini unaostahili sifa. Hojaji haiulizi tu kama kampuni ni ya wageni au ya wazawa, bali hutaka asilimia ya hisa za wazawa, za wageni, za serikali na za wamiliki wengine, jambo linalomwezesha mtafiti kuutofautisha ubia na kampuni inayomilikiwa yote na mgeni. Ukubwa nao umegawanywa vizuri: wafanyakazi 5 hadi 19, 20 hadi 99, na 100 au zaidi. Hapo ndipo kapu lile la amri linapoweza kufunguliwa, kwa kuilinganisha kampuni kubwa ya kigeni na kampuni kubwa ya wazawa.

Umri hupatikana kwa swali la mwaka ambao kampuni ilianza kazi. Swali hilo ni rahisi kujibiwa, lakini halitoshi kwa historia yetu. Kampuni ya Bia Tanzania ilitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, kisha mwaka 1993 ikapata mbia kutoka Afrika Kusini. Kampuni yenye safari ya namna hiyo, ikijibu hojaji, itaonekana kuwa kongwe na ya kigeni, na msomaji hatajua kwamba ukongwe ulianza chini ya mwajiri mmoja na ugeni ukaja na mwingine.

Udhaifu unaonisumbua zaidi uko kwenye mshahara wenyewe. Kinachoulizwa ni jumla ya gharama za wafanyakazi kwa mwaka, yaani mishahara, marupurupu na michango ya hifadhi ya jamii kwa pamoja. Mtafiti huigawa jumla hiyo kwa idadi ya wafanyakazi wa kudumu, naye mlinzi wa getini na mkurugenzi wa fedha wakapata wastani mmoja. Kampuni inayotegemea vibarua wengi inaweza kuonekana mlipaji mwema kwa sababu tu vibarua hao hawakuhesabiwa kwenye kigawanyo.

Kasoro hiyo inaweza kuligeuza jibu. Wachumi Charles Brown na James Medoff, katika utafiti wao wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, waliona kwamba kampuni za muda mrefu hulipa zaidi, lakini tofauti hiyo ikatoweka walipozingatia sifa za wafanyakazi wenyewe. Bila kujua elimu na uzoefu wa mtu mmoja mmoja, hatuwezi kusema kama ukongwe wa kampuni ndio unaolipa, au ni ukongwe wa waliomo.

Benki ya Dunia iliwahi kulifanya jambo hili vizuri zaidi. Mpango wake wa utafiti wa viwanda barani Afrika wa miaka ya 1990, ulioitwa RPED, uliozifikia Kenya, Tanzania, Zambia, Ghana na nchi nyingine, uliwahoji wafanyakazi hadi 10 katika kila kiwanda pamoja na mwajiri wao. Kutokana na hojaji hizo ilibainika kwamba kampuni za kigeni zililipa zaidi hata baada ya ukubwa, sekta na mahali kuzingatiwa, na kwamba wenye ujuzi ndio walionufaika zaidi.

Kwa mwanafunzi wa uzamili au mwandishi wa habari za uchumi, ninaipendekeza huduma hii bila kusita. Kiongozi wa chama cha wafanyakazi aitumie kujua sura ya sekta yake, lakini asiupeleke wastani huo kwenye meza ya majadiliano kama ushahidi wa mshahara wa mtu yeyote. Aombe orodha ya mishahara kwa vyeo, na miaka ya utumishi ya kila cheo, kutoka kwa mwajiri mwenyewe.