Begi la fremu la kubebea mtoto: zuri mlimani, ukilifunga kwa mpangilio

Kigari cha mtoto hakifiki mbali njia ya mashambani ikianza kuwa na matope na mizizi. Magurudumu madogo ya mbele hunasa, na mzazi huishia kukibeba kigari mkono mmoja na mtoto mkono wa pili. Kwa matembezi ya namna hiyo, begi la fremu, yaani kiti cha mtoto chenye fremu ngumu kinachovaliwa mgongoni, ni ununuzi mzuri, lakini kwa mtoto anayekaa mwenyewe bila kuegemezwa na ambaye shingo yake imekaza. Chini ya hapo, lisahau kabisa.

Tuanze na uzito, maana wengi huupuuza. Begi tupu huwa na kilo 2.5 hadi 3.5, na kikomo cha mabegi mengi ni karibu kilo 22, begi lenyewe likihesabiwa. Mtoto wa kilo 12 akivaa nguo na viatu ni kilo 13. Ongeza begi la kilo 3, zinabaki kilo 6. Lita 2 za maji zinachukua 2. Nepi, nguo za kubadilisha na chakula vienee kwenye 4 zilizobaki. Mpime mtoto akiwa amevaa.

Malalamiko ya mabega kuuma mara nyingi hutokana na kufunga mikanda kinyumenyume. Legeza yote kwanza. Vaa begi, inama mbele kidogo, ufunge mkanda wa kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni, ukaze hasa. Ndipo uvute ya mabegani, kisha ile midogo iliyo juu ya mabega inayolivuta begi karibu na mgongo, na mwisho wa kifuani. Ukianza na mabega, begi linaning'inia hapo hapo na mkanda wa kiunoni unabaki kama pambo. Urefu wa mgongo nao urekebishwe kila mnapopokezana, kwa sababu kipimo cha baba hakimfai mama.

Kwa mtoto, pandisha kiti hadi kidevu kipite kidogo ukingo wa mto wa mbele. Kikiwa chini, mdomo na pua vinazama kwenye kitambaa, hasa akisinzia. Miguu ipate vikanyagio, magoti yakunjike. Ikining'inia tu, ukingo wa kiti unabana mapaja na miguu inakufa ganzi. Hata hivyo mteremshe kila baada ya dakika 45 hivi anyooshe viungo.

Wewe unapanda mlima na jasho linakutoka, yeye amekaa tu: mwongeze nguo moja zaidi ya uliyovaa wewe, na umguse shingoni, si mikononi, kujua kama anasikia baridi. Kivuli cha kitambaa husaidia kichwa, lakini mapaja na miguu hubaki juani. Kumbuka pia kichwa chake kiko juu ya chako. Tawi linalokupita wewe litampata yeye. Ukiokota kitu, piga magoti. Kuinama kiunoni kunamsukuma mtoto mbele juu ya kichwa chako, hata kama mikanda yake imefungwa.

Udhaifu mkubwa wa begi hili ni mguu wa kulisimamishia chini. Kwenye sakafu ngumu unasimama vizuri. Kwenye nyasi laini au mchanga upande mmoja huzama na begi kuanguka na mtoto ndani. Ulishike muda wote unapompakia, na usiliweke kamwe juu ya meza au boneti ya gari.

Kwa mtoto anayetaka kushuka kila dakika mbili kufukuza vipepeo, halifai. Kumfunga na kumfungua kutakuchosha kuliko kumbeba. Huyo chukulia mbeleko ya kitambaa, inayokunjwa na kuingia kwenye mkoba akitembea mwenyewe.

Dukani, usiridhike na kulijaribu tupu. Mweke mtoto ndani, tembea robo saa, na uangalie kama mto wa mbele unatoka. Huo ndio unaolowa mate na makombo, na usiovuliwa kufuliwa huanza kunuka mapema.