Seti ya mipira ya matone ya tangi la lita 500: inafaa mchanga wa Mtwara?

Kwa bustani ya mboga za kilimo hai, seti hii ya umwagiliaji wa matone (tangi, chujio na mipira yenye matundu ya kudondosha maji) inafaa, ila chujio lake ni dhaifu.

Mipira ina matundu kila sentimita 30. Kwa nyanya, bilinganya na bamia, sawa kabisa. Kwa mchicha, hapana: kwenye mchanga maji huzama moja kwa moja badala ya kutambaa pembeni, na miche iliyo katikati ya matundu hunyauka. Kwa mchicha chukua mipira yenye matundu kila sentimita 20. Kwa sababu hiyohiyo, gawa maji mara mbili, asubuhi na jioni. Ukifungulia yote kwa mkupuo, yanapita mizizi na kuondoka na rutuba ya samadi.

Tangi likae juu mita moja na nusu, na mpira usizidi mita 15, la sivyo mche wa mwisho hupata kidogo.

Kuziba ndiyo kero kubwa. Badilisha chujio uweke la meshi 120 (yaani wavu wenye matundu 120 kwa kila inchi), lioshe kila siku kama maji unayomwagilia ni ya kisima, na kila wiki fungua ncha za mipira maji yatoke kwa kasi. Mbolea ya maji ya samadi au majani usiipitishe humo hata ukiichuja kwa kitambaa; mwagia kwa keni.

Kisha funika mipira kwa nyasi kavu au makumbi ya nazi. Kwa jua la kiangazi la huku, Juni hadi Novemba, matandazo hayo ni ya lazima.